Alama Nyekundu Kwenye Gunia

Jumanne, baada ya isha

Na wala sikusema neno. Hilo ndilo linaloniuma.

Wiki iliyopita pale ghalani Changamwe nilitia bambo, kile chuma cha kuchotea punje guniani, kwenye mchele ulioingia, punje zikanitokea kiganjani zimeshikana kwa ukungu, zinanuka. Nikapaka kila gunia alama yangu nyekundu ya kukataa. Bosi akasema, "Sawa, utarudishwa ulikotoka." Nikamwamini. Miaka tisa nakagua mizigo na bado namwamini!

Leo nimepita dukani kwa Mama Rukia, hapa mtaani Port Reitz. Gunia limefunguliwa mlangoni, na ubavuni alama yangu, kwa mkono wangu mwenyewe.

"Shikamoo, Mama. Mchele huu umeutoa wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Chukua tu, huo wallahi umekaguliwa. Huoni alama nyekundu? Aliyeniletea kaniambia ndiyo ya ubora. Wateja sasa wanauulizia huo huo."

Jirani yangu alikuwa anapimiwa kilo mbili, mtoto mgongoni. Ningesema, bosi angejua kabla ya magharibi, na kazi nyingine mimi sina. Nikaaga, nikaondoka.

Tangu nirudi nimenawa mikono mara tatu. Sijui nanawa nini.

Kesho linaingia lori jingine. Mchele ukiwa mbovu nisipoupaka, nimeupitisha. Nikiupaka, Mama Rukia atauuza haraka zaidi.