Chuma Kimekaa Vizuri

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani,
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu, ingawa leo zimechacha kidogo. Hujambo wewe? Wifi na watoto hawajambo? Miguu yenu mizima? Nauliza miguu makusudi. Sisi huku tupo, tunapumua.

Kaka, nina hasira na wewe, na nisipoitoa itanipasua.

Unakumbuka nilipokutumia kwa simu ile eksirei ya nyonga ya Mama, ile aliyowekewa ya chuma, ilipoanza kumuuma? Ulijibu hata chai yangu haijapoa: "Chuma kimekaa vizuri. Huo ni uzee na kudeka tu, mwambieni atembee." Wewe ni daktari wa meno, Kaka. Wa meno! Lakini ukoo mzima tuna daktari mmoja, na ukishasema wewe, nani atabisha? Shangazi naye akapata la kusema, akambandika jina: Bibi Deko.

Mama akakuamini kuliko alivyouamini mwili wake. Akaacha kulalamika. Akawa anasukuma kigoda mbele yake mpaka jikoni, jasho linamtoka, na ukimuuliza anasema, "Si uzee tu, mwanangu kashasema." Siku moja nafua foronya yake, nakuta imetoboka kwa meno. Alama hizo ungezijua, ndiyo kazi yako. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Wiki iliyopita homa ikapanda, nikampeleka hospitali bila kukuuliza. Hawakumpasua. Walimtoa damu, wakazitia chembe zake nyeupe dawa yenye mionzi, wakamrudishia kwa sindano. Dada wa kamera, yule anayepiga picha za mionzi hiyo, akatueleza kwamba chembe hizo ndizo askari wa mwili, hukimbilia palipo na wadudu, na dawa ile inazifanya zionekane. Eksirei inaweza kuonyesha chuma kilivyokaa, lakini wadudu waliokizunguka isiwaone. Kesho yake Mama akalala chini ya kamera. Picha ilipotoka, nyonga yote inang'aa kama kaa la jiko.

Unajua alifanya nini? Alicheka. Akalia, akacheka tena, akamng'ang'ania dada wa watu mkono: "Kumbe sikuwa mwongo!" Kaka, mtu anafurahi kuambiwa ana usaha ndani! Hapo nilikuchukia, Mungu anisamehe.

Daktari wa mifupa anasema tungewahi, huenda wangesafisha tu wakakiacha chuma. Sasa yuko wodini, na mwisho wa mwezi wanakitoa chote. Atalala miezi bila nyonga mpaka wadudu waishe, ndipo wafikirie kumwekea kingine. Kama atatembea tena, hawaahidi.

Shangazi siku hizi hamwiti tena Bibi Deko. Anakuja wodini kila asubuhi kumkanda miguu, anaondoka.

Mama amenikataza kukuandikia haya. Anasema utaumia. Basi ndiyo maana nimekuandikia.

Msalimie sana wifi, wabusu watoto. Shangazi anakusalimu kwa sauti ndogo. Mungu akulinde na akufungulie njia ya kuja, maana safari hii picha sikutumii. Njoo ukae kitandani pake, umwambie kwa kinywa chako kwamba hakuwa anadeka. Mimi ameshanisikia, na dada wa kamera amemsikia, lakini kila mlango wa wodi ukifunguka anainua kichwa.

Wako akupendaye, leo kwa shida,
Mdogo wako.