Nilimpinga Baba Mkwe Juu ya Land Rover

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana mdomo wangu umeniharibia posa. Mimi ni fundi wa magari hapa Biwi, mtu wa Bukavu, na wiki mbili zilizopita tulikwenda kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kupeleka mahari ya mchumba wangu Arlène, tukampa baba yake suti na mama yake vitenge, msemaji wetu mzee Zénon akaongea vizuri na vitu vikapokewa, mimi nimenyamaza kama desturi inavyotaka, mpaka baba mkwe, mzee Ambroise, aliyekuwa dereva wa misheni kule Fizi, Kongo, kabla ya vita, akaanza kusimulia jinsi Land Rover yake ilivyovuka matope ambayo, alisema, "ile Land Cruiser ya Bajapani ingelala pale mpaka leo," nami nikashindwa kujizuia, nikasema, "Papa, pole, mi nafungua zote mbili kila siku, Land Rover inavuja oili hata ikiwa imezimwa, labda hayo matope yalikuwa yamekauka," watu wakacheka, yeye hakucheka, akasema, "Njo huyu anataka binti yangu? Aende aoe Toyota yake!" akaingia ndani, na tangu siku hiyo simu zangu hapokei, na Jumapili iliyopita nilimwona kanisani amevaa ile suti yangu, akanipita kana kwamba mimi ni nguzo ya umeme, Arlène analia, anasema nikubali tu kwamba Land Rover ni bora, lakini mshauri, nitadanganyaje na mimi ni fundi?

Fabrice, Biwi, Lilongwe, Juni 2012

Fabrice, pumua. Posa yako ni nzima. Kwenu, baba anayemkataa mkwe hurudisha vitu alivyopokea, tena mbele ya mashahidi. Huyu ameivaa suti yako kanisani, watu wote wakimwona. Amekununia tu, na ana haki.

Kosa lako si Toyota. Siku ile hukwenda kama fundi, ulikwenda kama mposaji, na mposaji hana neno mpaka apewe. Tena ulimfanyia mzee mzaha, mbele ya wageni, juu ya kazi ambayo vita vilimnyang'anya. Hapo ndipo ulipomuumiza.

Kuhusu magari, nimesafiri kwa yote mawili miaka ishirini. Bodi ya Land Rover ni ya alumini, hailiwi na kutu kama bati la Land Cruiser, na porini unaifungua kwa spana chache. Land Cruiser hukaa muda mrefu bila kumtafuta fundi, na vipuri vyake hapa Lilongwe havisumbui. Wewe unasema kweli ya gereji, mzee anasema kweli ya Fizi. Hakuna anayelazimika kudanganya.

Acha kumpigia simu. Mwagize Zénon wiki hii akuombee radhi kwa kuongea bila ruhusa, basi. Habari ya magari asiiguse. Mkiitwa, nenda pamoja na Zénon. Mzee akianza tena safari zake, muulize alitumia gia gani, na usikilize jibu lote. Kisha mwache Zénon aombe tarehe ya harusi, na msiondoke bila hiyo tarehe.