Mume Wangu Anaitetea Kodi ya Intaneti, Mimi Naikejeli Nikiwa na Kibanio Puani

Dada mshauri, shikamoo. Nakuandikia wewe kwa sababu mama yangu mzazi nimeshindwa kumwambia, na nikimwambia dada yangu wa damu nitakuwa nimepeleka tangazo sokoni, kwa hiyo nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanigombeza.

Mimi ni msusi, nina saluni yangu ndogo yenye viti vitatu na draya moja inayopiga kelele, na mume wangu ni mwandishi wa hotuba katika ofisi ya serikali, yaani mkubwa wao akisimama akaongea vizuri ujue kaandikiwa na mume wangu, na akiboronga ujue kaongeza ya kwake. Sasa tangu litoke hili wazo la kumtoza kodi kila anayeingia intaneti, kodi ya kila siku, uingie kusoma habari au uingie kutazama paka akianguka kutoka kabatini, kazi ya mume wangu imekuwa ni kuitetea hiyo kodi, na nyumbani hakuna mazungumzo mengine, tukila ni kodi, tukianua nguo ni kodi, na kila hotuba lazima kwanza aisome kwa sauti nyumbani, kwa sababu anasema sentensi isiyopita mdomoni mwake haitapita mdomoni mwa mkubwa.

Na dada, huyo mtetezi wa kodi hajawahi kununua bando la intaneti tangu anioe. Akiingia tu mlangoni, "Mama watoto, hebu niwashie," ndiyo salamu, na hotuba ya kuwaambia wananchi wachangie mtandao inatumwa ofisini kwa bando langu mimi, niliyeinamia vichwa vya watu kutwa nzima.

Basi siku moja alikuwa anasoma, "Barabara tunazilipia, maji tunayalipia, kwa nini mtandao uwe wa bure?" nikasikia damu inapanda kichwani, maana bure ipi hiyo, na nilipofika saluni nikakuta wateja wanalizungumzia hilohilo, nikajifunga taulo mdomoni, nikajibana pua kwa kibanio cha nguo, nikajifanya bibi mmoja mkorofi nikampa jina la Shangazi Salio, nikajirekodi kwenye simu: "Mwanangu, bando nalinunua, na nikilinunua mnanikata kodi. Sasa mnataka nikinunua mlango nilipe, na kila nikiufungua nilipe tena?" Tulicheka mpaka mteja mmoja msuko wake ukaenda upogo. Nikaituma kwenye kundi la wateja, na unajua sauti ikishaingia kwenye kundi haina mwenyewe, jioni yake mume wangu akanisikilizisha hiyohiyo, akasema, "Msikie huyu bibi, ana mdomo huyu!" nami nikaendelea kumenya viazi.

Ningeishia hapo ningekuwa salama, lakini sifa ni pombe. Mkubwa aliposema intaneti inaleta umbea, Shangazi Salio akamjibu kwamba umbea tuliufanya bombani miaka yote na hakuna aliyetufungia mita. Aliposema kila mzalendo achangie mapato, Shangazi akauliza, "Mapato si mmesema tulipe mtandaoni? Yaani nilipe kodi ili niingie kulipa kodi?" Hiyo ikachezwa mpaka redioni, watu wakaanza kumnukuu Shangazi kama vile ana cheo, na mimi nikawa nasuka huku nimevimba kichwa.

Na cha ajabu nyumbani mambo yakawa mazuri. Mume wangu zamani alikuwa anajifungia chumbani kusoma hotuba zake, sasa akawa ananifuata jikoni, anasoma taratibu, anarudia, halafu ananiuliza, "Hapa mtu mkorofi angenijibuje?" nikaona kumbe ananithamini, na juzijuzi akaniletea bando la mwezi mzima, dada, mtu yule! Nililia machozi ya furaha, nikawatangazia wateja kuwa ndoa yangu imerudi ujana.

Halafu yakanifika. Alinisomea hotuba inayosema intaneti ni anasa kama marashi, asiyekuwa nayo hafi, na mimi kesho yake nikabana pua: "Nani ameomba kazi kwa marashi? Mtoto wangu matokeo ya mtihani kayapata kwenye simu, kitambulisho mmetuambia tuombe kwenye simu. Kama hayo ni marashi, ofisi zenu zote zinanukia." Kumbe ile sentensi ya marashi mkubwa aliikata, haikusomwa popote, kwa hiyo Shangazi Salio amejibu hotuba ambayo haikutolewa! Ofisi ikawaka moto. Waliokuwa wameiona ni mume wangu aliyeiandika, mkubwa aliyeikata, na karani aliyeipiga chapa. Mkubwa hashukiwi, mume wangu ndiye mtetezi mkuu, basi kibao kikamgeukia karani, kasimamishwa kazi na Jumatatu ijayo anaitwa kwenye kikao cha nidhamu.

Na karani ni mteja wangu. Ni mama wa makamo, mpole, yuko kwenye ile ofisi tangu kabla ya huyo mkubwa, na amebakiza kidogo tu astaafu. Alikuja nimsuke ili siku ya kikao wasimwone amechakaa, akaanza kulia nikiwa nimeshika nywele zake, anasema, "Mwanangu, mimi hata hiyo sauti sijui inarekodiwaje kwenye simu." Nikamwambia asijali, Mungu yupo, na nilipomaliza sikumtoza hata senti.

Dada, nikisema ukweli mume wangu atafukuzwa na pengine ataniacha, nikinyamaza usingizi siupati. Je, nimwambie, au ninyamaze mpaka upepo upite? Ndoa yangu itapona? Naomba usitaje jina langu.

Msusi mwenye mdomo mrefu

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu. Nimekusikiliza mpaka mwisho kama ulivyoomba, sasa kaa vizuri nikugombeze.

Lakini kwanza niache nicheke nimalize, kwa sababu ile ya kulipa kodi ili uingie kulipa kodi niliisikia redioni nikamwagia chai barua za wasomaji, na kuna bwana mmoja mwenye wake wawili mpaka leo hajajibiwa kwa sababu hiyo. Kwenye hoja niko upande wako. Serikali lazima itafute kodi, barabara hazijijengi na hospitali haiendeshwi kwa dua. Lakini kodi ya kuingia tu mtandaoni inamkamata muuza nyanya anayeulizia bei na kijana anayetafuta kazi sawasawa na tajiri anayetazama sinema kitandani. Subirini basi mtu apate kitu ndipo mumtoze. Hayo nimeyasema na jina langu lipo juu ya ukurasa, bila kibanio.

Sasa tuje kwako. Akili yote hiyo ya kumjibu mkubwa wa watu, mume uliye naye ndani hujamjua? Mtu aliyekuwa anajifungia chumbani ghafla anakufuata jikoni, anasoma taratibu kama anayemwandikisha mtoto imla, anarudia, halafu anakuuliza mkorofi angejibuje. Mdogo wangu! Unadhani mume hawezi kuitambua sauti ya mkewe kwa sababu ya kipande cha plastiki puani? Na ile draya yako inayopiga kelele nyuma ya kila neno, anadhani Shangazi Salio anaishi kiwandani? Halafu mwanamume ambaye hajanunua bando tangu harusi anakuletea la mwezi mzima, wewe unalia machozi ya furaha. Lile halikuwa zawadi. Kilikuwa kitendea kazi.

Mumeo anajua, tena nadhani alijua tangu siku ya viazi. Haiamini hiyo kodi, hana ubavu wa kumwambia mkubwa wake, basi amekupata wewe umsemee, na wewe umefurahi kwa sababu hatimaye kuna mtu nyumbani anayekusikiliza. Naweza kukosea, nimewahi kukosea hapa gazetini na wasomaji hawakuniacha salama. Lakini dalili zote umeniandikia kwa mkono wako mwenyewe.

Ningewapigia vigelegele. Kusema kweli, ndoa nyingi zinazokuja mezani kwangu hazina hata nusu ya raha yenu. Ila nyumba yenu inalipwa mshahara kwa kuitetea kodi na inashangiliwa mji mzima kwa kuikejeli, mnakula kuwili, na anayeumia ni mama wa watu. Wapiganapo tembo nyasi huumia, tumezoea, lakini nyinyi wawili hata hampigani. Mnacheza.

Na hili la kumsuka bure limenikera kuliko yote. Ulikishika kichwa chake, ukayaona machozi yake, unajua kila kitu, ukamwambia Mungu yupo. Yupo, ndiyo, na alikuwa palepale saluni anakusikia. Hukumsamehe bei, ulikuwa unajinunulia usingizi, na kwa jinsi ulivyoandika hukuupata.

Umeomba nisitaje jina lako. Sijalitaja. Lakini wasusi walioolewa na waandishi wa hotuba hawajai hata benchi la saluni yako, na gazeti hili linatoka leo Jumamosi, linasomwa na ofisi nzima ya mumeo wakinywa chai majumbani kwao. Ungetaka siri ikae, ungeandikia ukurasa wa ushauri? Ulitaka mtu akusukume. Haya, nimekusukuma.

Kwa hiyo leo hii, kabla jirani hajaja na gazeti kwapani, mwite mumeo umwambie wazi: Shangazi Salio ni mimi. Akijifanya kushtuka, mwache amalize kushtuka, halafu muulize ana mpango gani na karani. Kesho nendeni nyumbani kwa yule mama, wote wawili, mkamwombe radhi kabla hajausikia ukweli kwa watu wengine. Akiwatukana, pokeeni. Akiwafukuza, ondokeni kwa adabu, lakini mwambieni kwanza kwamba kikaoni hatasimama peke yake.

Na wewe bwana mwandishi, maana najua unaisoma hii kwenye simu ya mkeo, na kwa bando lake. Umewaandikia wakubwa maneno ya kijasiri miaka yote, sasa andika hotuba moja ya kwako. Iwe fupi. Iseme nilisoma rasimu za ofisi nyumbani, mke wangu akazijibu, karani hana kosa. Hiyo kodi yenyewe ukaipinge mchana, kwa kinywa chako, kama mtu mzima.

Mdogo wangu, sikudanganyi, anaweza kufukuzwa kazi. Mtabana matumizi, mtagombana, na pengine utamfundisha kushika kitana, maana viti unavyo. Akikataa kwenda, nenda peke yako. Akikuacha kwa sababu ulimwokoa mtu asiye na hatia, niandikie tena, nitakujibu kwa upole zaidi ya leo.

Umeniuliza kama ndoa yako itapona. Barua ndefu yote ile, hukuniuliza hata mara moja kama karani atapona. Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Jumatatu kutakuwa na kiti mbele ya wakubwa, na wamemwandalia yeye. Amka mapema ufike kabla yake, kwa sababu yule mama ni mpole, na akikutangulia ataingia akikalie, na kiti ni chako.