Maelezo ya Costansia Kyomuhendo kuhusu Redio Iliyozimwa Nyakasimbi

Kituo cha Polisi Kayanga, tarehe 16 Juni 1988, saa 3:20 asubuhi.
Jina: Costansia Kyomuhendo. Umri: miaka 47. Kazi: mkulima, pia mpishi wa mafundi. Elimu: darasa la pili. Makazi: Nyakasimbi.

Mimi ni mama yake Gaudiosus, aliye mahabusu hapa tangu juzi. Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimeelewa.

Tangu Januari nawapikia mafundi wanaojenga ghala la kahawa kwetu. Ofisi ya kampuni iko Bugene. Zamani injinia akiwa na neno aliliandika, mtu akaja nalo kwa baiskeli. Huyo alimsalimia Mzee Athanasi, fundi mkuu, akanywa maji, ndipo akatoa karatasi. Mwezi Mei wakaleta redio za upepo, moja Bugene kwa mwanangu, anayefanya kazi ofisini humo, moja stoo kwetu. Gaudiosus aliniambia meneja amekataza salamu redioni, zinamaliza betri. Nikamuuliza kama wazee wameambiwa. Akasema, "Mama, hilo ni la meneja." Basi Mzee Athanasi akawa anaamrishwa tu na mtoto niliyemzaa mimi. Mafundi walimtania, "Mzee, mkubwa wako anakuita." Hakucheka.

Mnamo tarehe 14 Juni, saa nne asubuhi, nilikuwa nachambua maharage mlangoni pa stoo. Redio ikaita. Ilikuwa sauti ya mwanangu. Alisema, "Nyakasimbi, injinia anasema mirunda inayoshikilia paa la kibaraza isitolewe mpaka tarehe 23. Zege bado bichi. Rudia nilivyosema, ova." Mzee Athanasi alisimama hatua tatu hivi kutoka kwangu. Akasema, "Asiyenisalimia sijamsikia." Akaizima.

Nasikia Gaudiosus aliita tena mara sita. Hilo siliapii, redio ilikuwa imezimwa.

Saa tano na nusu Mzee akaamuru mirunda itolewe, aliitaka upande wa pili. Kibaraza kikaanguka. Fundi Evaristi alikuwa chini yake. Nilimfunga mguu kwa kanga yangu mpaka gari likaja. Mzee akawaambia askari kwamba Bugene hawakusema kitu. Ndipo mwanangu akachukuliwa, eti hakufikisha neno la injinia.

Mzee Athanasi ndiye aliyenipa kazi nilipofiwa na mume. Ndiye baba wa ubatizo wa Gaudiosus. Jana mchana alikuja kwangu, akasema, "Mama Gaudi, yeye kijana, atatoka tu. Mimi nikiingia humo sitoki." Nilimpa chakula, akala. Nikamwambia kesho naenda Kayanga.

Afande, umeniuliza mbona nilinyamaza siku ile. Niandike na mimi. Nilitaka kusema, Mzee, msikilize kwanza. Lakini niliona aibu, mwanangu kumsemesha mzee bila shikamoo mbele ya watu, nikainamia maharage yangu. Evaristi ana watoto wanne.

Nimesomewa yote. Ni maneno yangu, sipunguzi hata moja, na Mzee Athanasi akiwepo nitayasema hivi hivi.

Dole gumba la kushoto: C. Kyomuhendo

Nimeyaandika mimi, Koplo Sostenes, na kumsomea shahidi kwa Kiswahili, penginepo kwa Kinyambo. Kabla ya kuweka dole aliomba liongezwe hili: kwamba nyumbani kwake mtoto huyo alifundishwa kusalimia.