Mashine Yako Imefunguka Bila Kupigwa Windo

Mama Jenista,

Mashine imefunguka. Nimeona nikuambie hilo kwanza.

Sijui kuandika barua, unajua. Niliishia darasa la nne, na hata hizi herufi zinazosomeka ulinikazia wewe. Vumilia.

Unakumbuka ukiwa wodini nilikuuliza neno la siri la kompyuta. Ukafumba macho, ukasema, "Limenitoka, baba Jenista. Litarudi." Halikurudi. Ukasema tena, "Wasikupigie windo. Picha za watu zimo." Nikaitikia tu. Windo sikuijua.

Tukakuzika. Mashine ikakaa juu ya kabati. Mimi mtu wa tofali na zege, kompyuta ya nini?

Halafu bibi Koletha wa Kirushya akafa. Wanawe wakaja hapa Nyamiaga asubuhi, wakasimama mlangoni, hata kukaa hawataki. Wanataka picha ya kuweka juu ya jeneza. Yule bibi alipigwa picha mara moja tu maisha yake yote, na aliyempiga ni wewe. Nyingine hakuna. Mazishi kesho yake.

Jenista akajaribu. Akaweka jina lake, jina langu, mpaka jina la ng'ombe. Imekataa. Nikaibeba kwa fundi mjini. Akasema, "Hapa adimini, mwenye mashine, kafunga. Dawa ni kupiga windo tu." Nikamuuliza windo inafanya nini. Akasema inafuta vyote, mashine inakuwa mpya. Hapo ndiyo nikakuelewa. Nikachomoa waya mwenyewe. Akasema, "Mzee, umebeba chuma chakavu." Nikamwambia sawa, chakavu changu.

Stendi wakaniambia Biharamulo kuna dada anafungua bila kufuta. Nikapanda gari, mashine nimeifunga blanketi, iko mapajani. Konda akauliza, "Mtoto anaumwa nini?" Nikamwambia amesahau. Akaniacha.

Yule dada ni Msukuma. Akaniamkia vizuri. Akauliza mashine ya nani. Nikasema ya mke wangu. "Mbona hakuja mwenyewe?" Nikasema amefariki. Akaondoa mikono. Akasema, "Pole, baba. Ila mali ya marehemu siifungui kwa neno la mume peke yake. Kwetu huo ni ugomvi wa ukoo. Nataka ndugu yake atamke."

Nilikasirika. Gari la kurudi linaondoka, watu wana maiti ndani, yeye anataka ukoo. Ila ana akili, nimeona baadaye. Nikampigia kaka yako, nikaweka spika. Akapaza sauti kama anafukuza nyani: "Fungua! Na baba yetu yumo humo!" Dada akacheka. Akachomeka flashi, mashine ikawakia kwenye ile flashi. Akafuta neno la adimini, basi. Picha hakugusa hata moja. Chai niliyoagiza ilikuwa bado moto.

Adela, zimo. Zote.

Kumbe kabla hujazikata ziwe za pasipoti ulikuwa unaweka na ile nzima. Na kwenye kila nzima vidole vyangu vipo pembeni, vimeshika shuka la bluu nyuma ya mtu. Vina saruji. Nikakusikia kabisa: "Inua shuka, unashika kama gunia la mihogo!" Wewe mwenyewe humo hata moja. Nilitafuta. Halafu nikaona. Macho yote mle ndani yanakutazama wewe.

Nikatoka nje kidogo.

Bibi Koletha amekunja uso, fimbo mkononi. Ikachapwa, nikaiwahisha. Binti yake mkubwa akaitazama, akasema, "Ndiye. Hata hasira yake ipo." Watu wakacheka huku wanalia. Akanishika mikono yote miwili akisema ahsante. Nikamwambia hiyo si yangu, nitaifikisha.

Basi ndiyo hii. Ahsante. Na mimi naweka yangu. Ahsante kwa kunisimamisha nyuma ya shuka. Nilidhani unanitumia tu kwa sababu nina mikono mirefu. Ahsante kwa Jenista, anajua kazi. Nilikuwa nakucheka ukimkalisha pale kwenye mashine badala ya kumpa jembe. Nimeacha kucheka.

Neno jipya tunalijua watatu: yeye, mimi na kaka yako. Kichwa kimoja kinaugua.

Ila Adela, wazee wa Kirushya ambao hawajapigwa picha bado ni wengi. Nimesema hatungoji mtu afe. Nakuahidi. Tunaanza na mama yako. Amekataa. Eti picha ni za wanaotaka kufa. Mimi mkwe siwezi kumbishia usoni, nimemtuma kaka yako. Jibu limekuja kwamba atapigwa akimaliza kuvuna maharage, si kabla. Anadhani amenipata. Shamba lenyewe unalijua, linapanda mlima mpaka kule juu.

Kesho alfajiri naenda kumvunia.

Lala vizuri, mke wangu.

Baba Jenista