Mkato wa Tatu kwenye Ekseli

Baba,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo halafu nikabaki nalitazama, maana sijui namsubiri nani aniitikie marahaba. Basi niendelee tu. Nikikosea utanivumilia, ulishanizoea.

Karakana ya Nsemulwa haikufungwa. Kaka Deo ndiye anayefua chuma sasa, na watu wa mikokoteni ya ng'ombe bado wanakuja kutafuta ekseli zako. Dada Skola amejifungua mtoto wa kike. Mama alikiingiza kiti chako ndani, akakitoa nje, akakiingiza tena, na hakuna anayethubutu kumuuliza. Mimi nimerudi likizo kutoka chuoni Dar es Salaam, na nimekuja na jambo ambalo sijui nimwambie nani. Nimeona nianze na wewe kwa kuwa ni lako. Au ni langu. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa.

Siku ya matanga alikuja mzee mmoja kutoka Kasansa, kabeba gunia zito. Hakuwa na habari za msiba. Alikuja kukugombeza. Alipoona watu wamekaa kwenye mikeka, akalisukuma gunia chini ya benchi, akavua kofia, akaomboleza pamoja nasi mpaka jioni. Wakati wa kuaga ndipo akaninong'oneza kwamba ndani ya gunia mna ekseli yako, imekatika njiani, mkokoteni umepinduka na mwanawe amevunjika mguu. "Lakini marehemu hadaiwi, binti yangu," akasema, akaondoka.

Sikumwambia mtu. Niliibeba ile ekseli kwenye treni mpaka Dar, nikaifanya kazi yangu ya mwaka wa mwisho. Nilitaka kujua kwa nini chuma chako kimekatika. Nilitaka, Baba, nisikie kwamba kosa si lako.

Pale chuoni tuna kompyuta chache, tunapokezana. Unaichorea umbo la kitu, nayo inalitandazia wavu, yaani inaligawa vipande vidogo vidogo, halafu inapiga hesabu ya kila kipande kinabeba uzito kiasi gani. Ila kompyuta ina madeko. Kwanza ilikataa kabisa, kumbe nilipochora ile sehemu ya mraba na ile ya mviringo niliacha ufa kati yake, mwembamba hata macho hayauoni, nayo ikadhani ni vyuma viwili visivyojuana. Nikauziba. Ikakataa tena. Mwalimu wetu akaniambia umbo langu ni chafu, nilisafishe kwanza. Kila tundu dogo na kila mkwaruzo unausonga wavu, vipande vinakuwa vyembamba na vya kupinda, na hesabu inaharibika. "Kisichobeba mzigo, futa," akasema. Nikafanya kama Mama anavyochambua mchele, nikitoa kimoja kimoja.

Nikafika kwenye alama yako, ile mikato mitatu ya tindo upande wa chini, karibu na pale mraba unapoishia. Ulituambia mara ngapi? Wa kwanza Deo, wa pili Skola, wa tatu mimi. Watu wa Kabungu wanauvua mkokoteni gurudumu na kupapasa kwa kidole kabla ya kununua, na wasipoikuta mikato mitatu wanasema hii si ya mzee. Nikajisemea, hili ni pambo, halibebi kitu. Nikafuta.

Wavu ukatulia, safi kabisa. Picha ikatoka ya buluu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na buluu maana yake chuma kina raha. Mwalimu akafurahi. Na mimi nikafurahi, nikatoka nje nikalia. Ekseli ya Baba ni nzima! Kisha nikarudi kwenye meza na pale mezani ilikuwapo, imekatika vipande viwili.

Nikaugusa ule mvunjiko. Umepita katikati ya mkato wa tatu.

Nilirudisha alama kwenye mchoro, mkato mmoja mmoja, nikavifanya vipande vya wavu viwe vidogo zaidi pale penye mikato tu, kazi iliyonichosha. Mkato wa Deo haukuleta neno. Wa Skola, kidogo tu. Wangu ukawaka mwekundu. Wao wawili walikuwa wameshachukua nafasi, na huku kwenye bushi, pale gurudumu linapozungukia, panatakiwa laini, kwa hiyo mimi ulinibana kwenye kona kabisa, pale pale mzigo wote unapogeukia.

Sasa niambie. Niamini picha ipi? Mzee wa Kasansa mwenyewe alikiri kwamba siku hiyo alipakia mpunga mpaka juu, kisha wakwe zake wakapanda juu ya mpunga. Labda ni wakwe. Labda chuma kilikuwa kibovu tangu kilikotoka. Kuna ekseli zako zenye mikato mitatu zinazozunguka mpaka leo bila shida, nimeziona kwa macho yangu. Na kuna kijana wa Kasansa anayetembelea mkongojo. Kila nikishika upande mmoja, ule mwingine unaniita. Nakukasirikia, halafu naona aibu, halafu nakukumbuka umeinama na tindo, unanifokea, "Wewe Fina, acha kuongea, shika koleo!" na ninacheka peke yangu kama mwehu.

Leo asubuhi nimemkuta Deo anapiga mikato. Alikuwa kwenye wa pili. Nikamshika mkono. Akaniuliza kulikoni, nikasema tu ngoja. Ile ekseli bado iko kwenye jiwe la kufulia chuma, na mteja anaifuata kesho.

Nitamwambia, Baba. Kama nimekosea hesabu, basi nitakuwa nimekusingizia ukiwa kaburini, na utanisamehe. Kama sijakosea, kuna watoto juu ya mikokoteni barabara nzima ya Kasansa, na nitaenda kuzitafuta ekseli zako moja moja, nizipige msasa pale penye kona mpaka mkato upotee. Siwezi kuomba ruhusa yako, kwa hiyo nimejipa.

Ila alama haitakufa. Nimeshaona pa kuiweka: kwenye uso wa ncha, nje ya gurudumu, ambako watu wataipapasa bila hata kufungua kitu. Nimekagua kwenye wavu. Pale hapafiki mzigo wowote, na nafasi ni tele. Tutakaa sote watatu, na mimi sitamvunja mtu.

Lala, Baba. Marahaba yangu nitaidai siku tukionana.

Mwanao wa mwisho,
Fina