Kijivu Asitolewe Chumba cha Nyuma

Baba Kendi,

Githeri iko kwa sufuria, upashe ukirudi mchana. Paka mkubwa mlishie nje, na bakuli lake lisiingie chumba cha nyuma. Kijivu yuko huko, mlango ubaki umefungwa.

Sikutaka kuandika zaidi, lakini nina uchungu. Asubuhi nimesikia paka akilia ndani ya buti ya gari lako. Nimefungua nikamkuta Kijivu amefungwa kwenye gunia. Ukaniambia bila aibu, "Namwacha soko la Kangeta. Mimi sifugi ugonjwa."

Ugonjwa gani, na bado hatujui kama anao? Tulikaa wote wawili kwa daktari wa mifugo. Alisema kipimo cha kwanza kimeonyesha lukemia ya paka, cha pili hakikuonyesha, kwa hivyo tungoje apimwe tena. Alisema pia haishiki watu, inashika paka wenzake tu. Ndiyo sababu nimewatenganisha. Lakini daktari akisema hayo, wewe ulikuwa kwa simu.

~~Ukimtoa huyu paka, na sisi tutatoka.~~ Usimtoe. Na umbadilishie maji.

Kendi ndiye alimwokota, na leo alikuwa mlangoni na sare ya shule, akasikia yote. Hakulia. Ulipoondoka, nikimchana nywele, akaniuliza, "Mama, mimi nikiwa mgonjwa, Baba ataniacha soko gani?"

Anatoka shule saa kumi. Mjibu wewe.

Mama Kendi